Samaki, Taa na Lawama: Uvuvi wa Usiku katika Sitiari za Washairi

Istilahi za ushairi wa Kiswahili zina harufu ya maji na ya soko. Aina za tungo huitwa bahari. Silabi za mshororo huhesabiwa kwa mizani, na mizani ndilo jina la chombo kinachompima samaki dikoni. Kina cha beti na kina cha maji hutamkwa kwa neno moja. Mwenye kutunga shairi naye hutumia kitenzi kilekile cha mvuvi apenyezaye ukindu katika mashavu ya samaki, akapata mtungo wa kupeleka nyumbani. Asili za maneno haya si moja, lakini lugha imeyakutanisha, na malenga wameifurahia bahati hiyo kwa karne nyingi.

Bahati ya namna hiyo huja na deni. Aliyeiita kazi yake bahari anapaswa kuijua bahari. Makala haya yanaitazama sehemu moja ya deni hilo, nayo ni uvuvi wa usiku, ule wa kumwita samaki kwa taa. Ni kazi inayolisha pwani yote na bara kubwa nyuma yake. Imeingia pia katika mashairi, hasa yale ya maonyo, kwa sura ya samaki aliyeifuata taa akaangamia. Swali ni moja: je, sitiari hiyo inasema kweli? Na kama haisemi kweli, ni nani anayeumizwa na uongo wake?

Jibu la swali la pili haliko ufukoni, bali milimani. Mlola ni kata ya wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, mkoa uleule wa Tanga wenye bandari na gati. Lakini baina ya Mlola na maji ya chumvi kuna safari ndefu: kwanza kufika Lushoto, kisha kuteremka kwa makona hadi Mombo chini ya mlima, halafu Korogwe, Muheza, ndipo Tanga. Wapo watu wa Mlola wanaozeeka bila kuiona bahari. Hata hivyo, bahari huwafikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni gulio, ambako dagaa wakavu, wa baharini au wa Mwanza, hupimwa kwa kopo na kumwagwa katika vikapu kando ya maharage, viazi na kabichi. Ya pili ni lugha. Mtoto wa Kisambaa hujifunza darasani kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na pengine mwalimu wake mwenyewe hajapata kusimama juu ya jahazi.

Kupokea kitoweo cha mgeni si jambo jipya huko. Katika masimulizi yaliyohifadhiwa na Abdallah bin Hemedi lAjjemy, mtu wa pwani aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, Mbegha aliingia Usambara akiwa mwindaji mwenye mbwa, akawagawia wenyeji nyama, na kwa nyama hiyo akajenga mapatano yaliyozaa utawala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu hapo mlima unajua kwamba kitoweo cha kutoka mbali hakiji peke yake. Huja na habari za aliyekileta. Dagaa naye huja na habari zake, na kwa kuwa msikilizaji wa Mlola hana bahari ya kulinganisha nayo, habari hizo hana budi kuzipokea kama alivyopewa na mshairi.

Kazi yenyewe huanza na kalenda. Wavuvi wa dagaa wa Unguja, wa Pemba, wa Tanga na wa Bagamoyo hawatoki kila usiku. Huenda na giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo, au umekuchwa mapema, au umechelewa kuchomoza. Mbalamwezi ikishika, uso wote wa bahari huwa na mwanga, na taa ya chombo haina tena la kumwambia samaki. Hapo vyombo hupandishwa ufukoni, nyavu hushonwa, madeni hukumbukwa.

Giza likirudi, vyombo hutoka jioni. Taa huwashwa juu ya maji, ama katika chombo chenyewe ama katika kihori kinachoachwa mbali kidogo. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, inayovuma kama mzinga wa nyuki na kumchoma mkono anayeipampu bila uangalifu. Katika miaka ya karibuni taa za betri na za umeme wa jua zimeipokonya karabai kazi yake, pwani na katika Ziwa Viktoria pia. Kisha husubiriwa. Kwanza huja viumbe wadogo mno, wanaoelea na maji na karibu hawaonekani kwa jicho. Nyuma yao huja dagaa, ambao chakula chao ndicho hicho. Wakishakuwa wengi, taa mara nyingine hufifizwa makusudi ili kundi lisogee na kubanana chini yake. Ndipo wavu huzungushwa kwa nje, pale mwanga unapoishia. Chini yake hufungwa kama mdomo wa mfuko, na mikono yote huvuta.

Alfajiri kazi hubadilisha mikono. Katika fukwe kama za Mangapwani na Kama, kaskazini ya mji wa Unguja, dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi katika vyombo vikubwa, huchujwa, huanikwa juani, hupepetwa na kutiwa magunia. Wengi wa wafanyao kazi hiyo ni wanawake, na moshi wa kuni ndio manukato yao. Mvua ya masika ikinyesha wakati dagaa wamo ufukoni, faida ya usiku mzima huoza mchana mmoja. Jua likikubali, magunia husafiri hadi Kongo.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa itazamwe sitiari. Ili lisitajwe jina la mtu kwa kosa ambalo ni la wengi, ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, kwa kufuata mwendo uliozoeleka wa mashairi ya maonyo:

Samaki kaona taa, akatoka kilindini,
Wenzake wakakataa, yeye hakuwathamini,
Alipofika kukaa, akajiona nyavuni,
Mwenye pupa ya kung'aa, mwishowe kikaangoni.

Kwa sheria za umbo, ubeti huu hauna ila. Mizani ni kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane. Vina vya kati vimetulia, vina vya mwisho vimetulia. Ukisomwa mbele ya hadhira, watu watatikisa vichwa kwa kukubali. Lakini una makosa matatu, na kila moja ni zito kuliko lililotangulia.

La kwanza ni la mshororo wa nne. Samaki hana pupa ya kung'aa. Dagaa anakwenda penye chakula, na taa ndiyo iliyokikusanya chakula hicho. Aliyeacha kilindi usiku ule aliitikia njaa yake kwa namna ambayo kila kiumbe chenye tumbo huitikia. Kuiita njaa hiyo pupa ni kumsingizia.

La pili ni la mshororo wa pili. Dagaa hana wenzake waliokataa. Huenda kwa kundi, hugeuka kwa kundi, hula kwa kundi, na kundi ndilo ngao yake dhidi ya wakubwa. Mshairi wa maonyo anahitaji mmoja mkaidi na wengi watiifu, kwani bila ya hao onyo lake halina pa kusimama. Bahari haina habari hiyo. Penye giza la kweli na taa ya kweli, huja wote.

La tatu limejificha katika kitenzi. Samaki huyu "akajiona" nyavuni. Nani aliyeutupa wavu? Nani aliyeuzungusha, akaufunga chini, akauvuta? Katika mishororo minne hakuna mvuvi. Hakuna chombo, hakuna kamba, hakuna mkono. Kuna samaki, kuna taa inayowaka kama nyota bila ya mwenyewe, na kuna maangamizi yaliyojileta. Sarufi ya ubeti imemtoa mtendaji, na kosa lote limebaki kwa mtendwa. Hili la tatu ndilo linalomwumiza mtu, na hapo ndipo Mlola inapoingia.

Wilaya ya Lushoto ni miongoni mwa sehemu ambazo vijana wake wengi wamekuwa wakiteremka mlima kutafuta riziki Tanga na Dar es Salaam, wasichana katika kazi za nyumbani, wavulana katika maduka na biashara ndogondogo. Ardhi ya milimani hugawanywa kwa warithi hadi ikawa vipande visivyoshibisha nyumba. Mtoto anapoondoka, hubeba hesabu iliyofanywa na watu wazima: ada ya mdogo wake, bati la nyumba, dawa ya bibi. Ikitokea mambo yakamharibikia huko mjini, akarudi na ujauzito usio na baba, au hakurudi kabisa, lugha huwa na maneno yake tayari: alifuata mataa ya mji. Na shairi la samaki na taa lipo tayari kuyapamba maneno hayo kwa vina.

Msomaji na afikiri namna mzazi wa Mlola anavyolisikia shairi hilo likisomwa redioni, jioni, sufuria ya dagaa ikiwa jikoni. Anajua kwamba mwanawe hakupenda kung'aa. Anajua nani alikuja kumchukua, kwa ahadi gani, na kwa mshahara wa shilingi ngapi uliotajwa mbele ya wazee na usiolipwa nyuma yao. Shairi linamwambia kwamba yote hayo hayakuwepo. Palikuwa na mtoto na palikuwa na taa, basi. Kwa kuwa hajaiona bahari, hana njia ya kumjibu mshairi kwamba hata huko baharini mambo hayaendi hivyo. Mtu wa Mangapwani angecheka. Mtu wa Mlola ananyamaza, na kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa ni kukubali.

Yuko atakayesema kwamba sitiari si taarifa ya idara ya uvuvi. Mshairi ana ruhusa ya kumpa samaki pupa, kama mtambaji wa hadithi alivyo na ruhusa ya kumpa sungura ulimi. Hoja hiyo ina uzito, lakini itazamwe methali ile ya tezi na omo. Kwa nini imepanda hadi Mlola na kudumu huko, kwa watu wasiojua ngama ni kitu gani? Ni kwa sababu aliyeisema kwanza alilijua jahazi. Tezi iko mahali pake nyuma, omo mahali pake mbele, na maji yanayovuja na kuruka hatimaye hukusanyika ngamani, ambako lazima mtu ashuke ayafute. Usahihi wa kitu umeibeba maana hadi pale kitu chenyewe kisipofika. Sitiari iliyojengwa juu ya kitu kisichotazamwa haina mzigo wa namna hiyo. Hubeba tu yale aliyokuwa akiyaamini msemaji kabla ya kufungua kinywa. Na sungura wa hadithi hamdhuru mtu, kwa kuwa hakuna msichana anayeitwa sungura siku ya kurudi kwao.

Huenda dawa ikaonekana kuwa nyepesi: arudishwe mvuvi katika ubeti. Jaribio hili nalo limetungwa hapa hapa:

Taa nani kaiwasha, usiku pale majini,
Chakula kukionyesha, wavu kaficha gizani,
Njaa inapomchosha, dagaa afanye nini?
Lawama mnamtwisha, mwenye taa hamumwoni?

Ubeti huu ni mwadilifu zaidi kuliko wa kwanza. Umeuliza "nani", na umeitaja njaa kwa jina lake. Zaidi ya hayo, umelitia giza mahali pake pa kweli. Katika mazoea ya ushairi, nuru ni uongofu na giza ni upotevu. Mazoea hayo yana misingi yake katika ibada na hayagombwi hapa. Lakini juu ya maji, usiku wa kuvua, hatari haimo gizani wala mwangani peke yake. Imo katika mpaka wa viwili hivyo. Jicho lililozoea mwanga halioni kilicho nje ya mwanga, na aliye gizani humwona aliye mwangani bila ya yeye mwenyewe kuonekana.

Mpaka huo huonekana vizuri zaidi gatini. Mtu akisimama usiku juu ya gati lenye taa, Malindi ya Unguja, Mkoani ya Pemba au Tanga, atamwona samaki mdogo akizunguka katika duara la mwanga kama vumbi katika mwali wa jua. Mvuvi wa mshipi asiye mzoefu hutupa ndoana katikati ya duara hilo. Mzoefu huiteremsha ukingoni, pale kivuli cha nguzo kinapoanza, kwa kuwa anajua kwamba kolekole hakai mwangani. Hukaa kivulini, ameelekeza kichwa penye mwanga, na hutoka mara moja tu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alitumikia idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944. Gati na ushairi ni majirani wa zamani katika mkoa huo. Na bado kolekole huyu wa kivulini, ambaye ni sura kamili ya mwenye nguvu asubiriye, hajapata nafasi anayostahiki katika tungo za maonyo. Nafasi hiyo amepewa dagaa.

Hata hivyo, ubeti wa pili nao una upungufu, na haufai kusifiwa kwa sababu tu umekosoa wa kwanza. Umemtafuta mwenye taa, ukasimama kwake kana kwamba umefika mwisho wa habari. Anayeishika taa usiku ule ni nani? Mara nyingi ni kijana asiye na chombo, asiye na mashine, asiye na wavu. Vyote ni vya tajiri, naye tajiri amelala nyumbani. Asubuhi hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha hutolewa fungu la chombo na nyavu, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia. Usiku ukiwa mtupu, baharia hurudi na deni. Mwenye taa, kwa hiyo, naye yumo ndani ya duara la mwanga. Naye amekwenda penye chakula. Pengine naye ana kwao milimani.

Lugha ya mitaani imelifahamu jambo hili kuliko washairi wengi. Inapozungumzia rushwa, hutaja mapapa na vidagaa, na hulalamika kwamba wavu huwanasa vidagaa ukawapisha mapapa. Msemo huu umechakaa, na magazeti yameuchosha, lakini ndani yake mna jambo ambalo ubeti wa maonyo haunalo: mna wavu wenye matundu, na matundu hayo yamepimwa na mtu. Mshairi angeweza kuanzia hapo. Badala yake, mara nyingi anaanzia penye pupa ya mdogo.

Isidhaniwe kwamba ushairi wa visiwani umepungukiwa na watu waliojua kazi. Marehemu Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933, alipata kuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa bandarini kabla ya jina lake kufahamika kwa diwani ya Kimbunga, iliyotolewa mwaka 1994. Nguvu ya shairi lililoipa diwani hiyo jina imo katika kinyume: yaliyodhaniwa imara yakang'oka, na yaliyodhaniwa dhaifu yakabaki. Msomaji haambiwi nani wa kulaumiwa. Anaachiwa upepo na matokeo yake, na fumbo lenyewe humwuliza alikuwa akiamini nini juu ya ukubwa. Ndivyo afanyavyo mtu aliyewahi kuuona upepo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, husifiwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaushusha sokoni. Uvuvi wa taa unauomba ushairi ushuke hatua moja zaidi, kutoka sokoni hadi ufukoni, saa ambayo soko bado halijafunguliwa.

Akishuka, mshairi hatakuta huzuni tupu. Atakuta hata mapenzi yamegeuzwa. Katika tungo za pwani, mpenzi mwenye uso mzuri hufananishwa na mwezi wa kumi na nne, na hakuna tashibihi iliyotumika zaidi kuliko hiyo. Lakini katika nyumba ya mvuvi wa dagaa, mwezi wa kumi na nne ni mwezi wa mfuko mtupu. Vyombo viko juu ya mchanga. Duka halikopeshi tena. Na papo hapo, ni mwezi wa mume kulala nyumbani. Mwanamke anayeutazama mwezi huo ukipanda juu ya minazi ana mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja, na yote mawili ni kweli: hakuna fedha, na yupo. Malenga atakayemwimbia mwanamke huyo kwa mwezi huo, akijua anachokisema, ataifufua tashibihi iliyokuwa imekufa kwa kutumika. Hahitaji kubuni neno jipya hata moja. Anahitaji kuuliza tu.

Ni kweli kwamba kuuliza kunachelewesha. Shairi la maonyo hutungwa upesi kwa sababu hukumu imeshatolewa. Kilichobaki ni kutafuta vina. Shairi linalotazama halijui litafika wapi. Linaweza kuhitaji utenzi mrefu badala ya beti sita, ili apatikane tajiri aliyelala, baharia anayefifiza taa, mwanamke anayekodoa macho kwenye mawingu ya masika, mchuuzi anayepandisha gunia Usambara, na mtoto anayeteremka mlima katika gari lilelile lililolileta gunia hilo. Mambo haya ni habari moja. Dagaa wanapanda, watoto wanashuka, na barabara ni hiyohiyo. Utenzi, ambao umezoea kubeba vita na safari, hauwezi kushindwa na barabara ya Mombo.

Kwa hiyo sitiari ya samaki na taa isitupwe. Ni mali nzuri ambayo imetumiwa vibaya. Kinachotakiwa ni kuirejesha kwa wenyewe, wenye karabai na wenye masufuria, kisha kuisikiliza upya. Kila mtunzi atakayeishika tena ana kipimo kilicho karibu naye: aisome mishororo yake, atafute mvuvi yuko wapi, na kama hayupo, ajiulize ni kwa faida ya nani ameondolewa. Baada ya hapo afikiri kwamba anaisoma kwa sauti katika gulio la Mlola, mbele ya watu wasioijua bahari na wanaowajua watoto wao.

Huko, jioni, dagaa hutolewa vichwa kabla ya kuoshwa, au hupikwa navyo na watu wasio na haraka. Yeyote aliyewahi kuwachambua anajua kwamba macho yao yako wazi. Samaki hana kope. Hayafumbi akiwa hai, wala hayafumbi nyavuni. Mshairi aliyesema kwamba dagaa alipofushwa na pupa hakupata kumchambua hata mmoja.